Pilipili poblano Tanga: maswali ninayoulizwa kila msimu

Kila nikishusha tenga la poblano pale soko la Mgandini, watu huzishika, huzigeuza, huzinusa, kisha maswali huanza. Wengine wameshanunua miche kwangu na wananipigia simu maua yanapodondoka. Nimeyaandika hapa yale yanayorudi mara kwa mara, pamoja na majibu niliyoyapata shambani Pongwe na jikoni kwangu.

Hii ni hoho au ni pilipili?

Ni pilipili, ila ya upole. Asili yake ni jimbo la Puebla nchini Mexico, na jina limetoka huko huko: kwa Kihispania, poblano ni mtu au kitu cha Puebla, kama sisi tunavyosema ya Pemba au ya Pangani. Kitaalamu inaitwa Capsicum annuum, spishi moja na hoho. Umbo lake ni kama moyo uliovutwa: mabega mapana, ncha iliyochongoka, urefu wa sentimita 10 hadi 15. Rangi ni kijani kilichokolea hadi kukaribia weusi, na ngozi inang'aa kama ya biringanya. Wateja wangu wengi wanaiita hoho nyeusi, nami siwasahihishi maana wote tunaelewana.

Kwa wenye udadisi wa maneno: kamusi za zamani za Kiswahili zinasema pilipili hoho ni ile nyekundu inayowasha, ikitofautishwa na pilipili manga. Leo hoho ni ile isiyowasha kabisa.

Mmea wa Mexico utakubali kwetu?

Mimea ya Mexico ilishakubali kwetu zamani. Mahindi ya ugali, nyanya na maparachichi, yote asili yake ni upande huo wa dunia. Hata katani iliyoujenga mji huu ni ya rasi ya Yucatán. Mjerumani Richard Hindorf aliileta mwaka 1893. Katika vichipukizi 1,000 vilivyotumwa kutoka Florida, 62 tu ndivyo vilivyofika salama, na mashamba yote makubwa ya katani yaliyofuata yalianzia hapo. Kwa hiyo swali langu huwa ni lini tuipande poblano. Hilo nalijibu kwa urefu hapo chini, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopoteza nguvu zao.

Inawasha kiasi gani?

Kipimo kinachotumika ni cha Wilbur Scoville, mfamasia wa Marekani aliyekibuni mwaka 1912. Alikuwa akizimua dondoo la pilipili kwa maji ya sukari mpaka waonjaji wasihisi muwasho tena. Kwa kipimo hicho hoho ni sifuri. Poblano iko kati ya 1,000 na 1,500, pengine 2,000. Pilipili kichaa yetu inafika 50,000 hadi 100,000, na pilipili mbuzi huanzia 100,000 na kupita 300,000. Kwa ulimi: unahisi joto dogo nyuma ya koo, linakaa kidogo, linaondoka. Mama mkwe wangu, ambaye miaka mingi sasa hagusi pilipili, anakula poblano nzima iliyojazwa kima na kuomba nyingine.

Mbona nilinunua tano, nne zikawa tamu na ya tano ikaniwasha?

Hutokea, hata zikiwa za mti mmoja. Mmea uliopata kiu na jua kali hutoa matunda makali zaidi, na tunda lililoiva likawa jekundu mara nyingi huwa kali kuliko la kijani. Muwasho wenyewe unatengenezwa na ile nyama nyeupe ndani inayoshikilia mbegu. Mbegu zinawasha kwa sababu zimeigusa tu. Ukitaka usalama kamili kwa watoto, kwangua nyama nyeupe yote kwa kijiko. Na mtu akiwashwa, mpe maziwa au mtindi, usimpe maji. Kinachowasha huyeyuka kwenye mafuta, na maji yanakieneza tu mdomoni.

Nipande mwezi gani?

Puebla iko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Poblano imezoea mchana wenye jua na usiku wenye ubaridi, na Tanga mjini kuanzia Desemba hadi Machi usiku wetu hauna ubaridi wowote. Kaskazi inavuma, unalala umefungua madirisha yote, na joto halishuki sana chini ya nyuzi 24. Kwenye joto hilo mti wa poblano unakuwa mkubwa na wa kijani, unatoa maua mengi, kisha unayadondosha yote. Chavua inaharibika. Mchana ukizidi nyuzi 32 na usiku ukikataa kupoa, usitegemee tunda.

Mwaka wangu wa kwanza nilihamishia miche mwezi Novemba kwa sababu ya mvua za vuli, kama nilivyozoea kufanya na bamia. Januari nilikuwa nikiingia shambani asubuhi na kukuta maua meupe yametandazwa chini ya kila mti, vikonyo vyake vimegeuka njano pale vinapoungana na tawi. Miti 60, na niliambulia matunda yasiyojaa ndoo. Nilitia mbolea, nikazidisha maji, nikapuliza dawa. Vyote havikusaidia kwa sababu tatizo lilikuwa kalenda.

Sasa nafuata kusi. Nasia mbegu kitaluni mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili, chini ya paa la nailoni ili masika isizizamishe. Miche inakaa wiki sita hadi nane. Mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, masika inapopungua na ardhi bado ina unyevu, nahamishia shambani. Julai kusi imekwisha kutulia, usiku kuna ubaridi wa kujifunika shuka, na ndipo maua yanapofunguka na kushika. Katikati ya Agosti naanza kuvuna na naendelea hadi Oktoba, wakati mwingine Novemba. Kwa sisi wa ufukweni, kusi ndiyo Lushoto yetu.

Walioko Lushoto kwenyewe, kwenye mita kama 1,400, wana uhuru mkubwa kuliko sisi. Wao waangalie tu baridi ya Juni na Julai, maana miche hudumaa. Muheza na maeneo ya chini ya Amani yako katikati, na nimeona poblano nzuri sana huko chini ya kivuli chepesi.

Mbegu nipate wapi, na nitajuaje ni zenyewe?

Maduka ya pembejeo hayaziweki kila wakati; mara nyingi inabidi uagize. Nunua pakiti iliyofungwa kiwandani, yenye tarehe na jina la aina. Usinunue za kupimiwa kwa kijiko. Kuna msimu niliuziwa pakiti yenye picha ya poblano, na mwezi wa Agosti nikavuna hoho ndefu za kawaida. Miezi mitano ya kazi ilikwenda hivyo, na hakukuwa na wa kunirudishia muda. Tangu hapo, kabla ya kusia zote, nazungushia mbegu kumi kwenye kitambaa kibichi na kuziweka mahali pa joto. Zikiota saba au zaidi ndani ya wiki mbili, naendelea. Hilo halikuambii kama ni poblano, lakini angalau unajua kama zina uhai. Aina yenyewe utaithibitisha kwa kuanza na miti michache msimu wa kwanza.

Nisie vipi?

Nachanganya udongo wa juu, samadi iliyooza kabisa na mchanga wa mto, sehemu sawa. Mbegu naifukia kwa kina cha nusu sentimita, namwagilia kwa kopo lenye matundu madogo, nafunika kwa majani makavu mpaka ianze kuchomoza. Kwa joto la nyuzi 25 hadi 30 huota ndani ya siku 8 hadi 14. Tanga mwezi wa Aprili joto hilo tunalo bila jitihada. Zikichomoza ondoa majani mara moja, usisubiri jioni, la sivyo miche inarefuka na kulegea. Wiki ya mwisho kabla ya kuhamisha, punguza maji na uiache miche ipate jua, ikomae.

Shambani naacha sentimita 50 kati ya mche na mche, na 75 kati ya mistari. Kila mti unapata kijiti cha kuegemea, maana unafika hadi mita moja na matawi yake hukatika yakibeba. Kamba naifunga kwa kulegeza, mfano wa namba nane.

Udongo wangu ni kichanga cha pwani. Itafaa?

Itafaa ukiulisha. Kichanga kinapitisha maji, jambo ambalo poblano inalipenda, lakini kinapitisha na chakula pia. Kwa kila shimo natia makoleo mawili ya samadi. Tanga tuna bahati ya ng'ombe wengi wa maziwa, samadi haiko mbali. Juu natandaza majani ya mnazi yaliyokatwakatwa au makumbi, nayo huokoa maji mengi.

Tatizo la kweli ni chumvi. Visima vya karibu na bahari vina maji ambayo hoho na poblano hazivumilii: kingo za majani zinaungua, mti unadumaa. Onja maji. Ukihisi chumvi hata kidogo, tumia maji ya bomba au ya mvua kwa miche, au panda ndani zaidi, upande wa Pongwe, kwenye udongo mwekundu.

Umwagiliaji uwe wa mpangilio. Leo mafuriko, kesho kutwa ukame, na utaona tunda linaota doa la kahawia lililonywea upande wa chini. Wengi hudhani ni ugonjwa. Ni upungufu wa kalisi unaosababishwa na maji yasiyo na mpangilio, na ukisawazisha maji, matunda yanayofuata yanatoka safi.

Ninaweza kupanda kwenye ndoo barazani?

Ndiyo. Ndoo ya lita 20, matundu sita chini, mti mmoja tu. Itahitaji maji kila siku.

Majani yamejikunja na mti umenyauka ghafla. Nifanyeje?

Hayo ni mambo mawili tofauti.

Majani kujikunja kwa kawaida ni kazi ya wadudu wadogo. Geuza jani uangalie mgongo wake: vidukari hukaa kwa vikundi na kuacha utando wa kunata, inzi weupe huruka kama vumbi ukitikisa tawi, na utitiri hauonekani kwa macho lakini majani machanga yanakuwa membamba na magumu. Kwa vidukari na inzi weupe natumia maji ya sabuni ya mche na mbegu za mwarobaini zilizotwangwa na kulowekwa usiku kucha. Napuliza jioni, mgongoni mwa majani. Wadudu hawa pia hubeba virusi, na mti wenye virusi, majani yakiwa na mabaka ya njano na kijani, hauponi. Ng'oa, choma, usiuonee huruma.

Kunyauka ghafla mti ukiwa wa kijani ni jambo zito zaidi. Kata shina karibu na ardhi, kitumbukize kipande kwenye glasi ya maji safi, kaa kimya utazame. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka polepole kutoka kwenye kidonda, huo ni mnyauko bakteria. Hauna dawa. Sehemu hiyo isirudiwe na nyanya, biringanya, nyanya chungu, viazi mviringo wala pilipili yoyote kwa miaka kadhaa, panda mahindi. Na hata kama huna ugonjwa, usiifuatishe poblano mahali palipotoka nyanya. Hizi ni ndugu na zinarithishana magonjwa.

Nivune lini?

Siku 65 hadi 80 tangu kuhamishia. Tunda likiwa limejaa, gumu, lina mng'ao, kata kwa kisu ukiacha kikonyo. Usivute, tawi litakuja nalo. Kadiri unavyovuna za kijani, ndivyo mti unavyozidi kuzaa. Zile unazotaka kukausha ziache mtini mpaka ziwe nyekundu.

Kwa nini kila mapishi yanataka ichomwe na kumenywa? Siwezi kuikatakata kama hoho?

Unaweza, lakini utajiuliza kwa nini ulihangaika kuilima. Ngozi yake ni ngumu, ikipikwa inabanduka vipandevipande na kunata kwenye kaakaa. Halafu ladha yake yote, ule utamu wenye moshi kidogo, hutokea ikipita motoni.

Washa jiko la mkaa, subiri mkaa uwe mwekundu bila moto wa kuruka. Weka pilipili juu ya wavu au moja kwa moja juu ya mkaa. Baada ya dakika moja ngozi inaanza kulia, tik, tik, kisha inavimba malengelenge na kuwa nyeusi. Geuza kwa koleo. Unataka weusi pande zote, hata kwenye mabega na karibu na kikonyo, lakini nyama ya ndani isiungue, na hilo linahitaji moto mkali na muda mfupi, dakika tano au sita. Zitie papo hapo kwenye sufuria, funika kwa kawa au bamba, uache robo saa. Mvuke wake wenyewe ndio unaomaliza kazi. Ukifungua, harufu inatoka iliyo kati ya biringanya ya kuchoma na muhogo wa kuchoma. Sasa pitisha kidole gumba na ngozi inavuka kama ya nyanya iliyotiwa maji moto.

Usizioshe chini ya bomba! Maji yanaondoka na ladha. Chovya vidole kwenye bakuli la maji, na chembe nyeusi mbili tatu zilizobaki ziache, hazina ubaya.

Nikishamenya, nipike nini?

Kwa siku za kazi nafanya hivi: nachana poblano nne au tano vipande virefu kama kidole, nakaanga vitunguu viwili mpaka vilainike, natia mahindi mabichi ya kupukuchua kikombe kimoja, kisha vile vipande, chumvi, na mwisho tui zito. Lichemke kidogo tu, lisikatike. Mexico wana pishi hili, wanaliita rajas na wao hutumia krimu ya maziwa. Mimi kwa tui naliona tamu zaidi, na linakwenda na wali, chapati, hata muhogo wa kuchemsha. Samaki wa kuchoma akipakwa mchuzi huu, changu au kolekole, hahitaji kitu kingine zaidi ya ndimu.

Kwa wageni najaza. Tia ufa mmoja upande, toa mbegu taratibu bila kung'oa kikonyo, ujaze kima kilichopikwa kikakauka, kama cha sambusa. Funga kwa njiti, pakaza unga, chovya kwenye yai kama unavyofanya na katlesi, kaanga. Wenyewe wanaita chile relleno, mara nyingi wakijaza jibini, na ute wa yai wanaupiga kwanza mpaka uwe povu ili koti liwe jepesi. Nilijaribu ute wa povu na sikurudi nyuma tena.

Halafu kuna chakula cha sherehe cha Puebla, chiles en nogada: poblano iliyojazwa nyama na matunda, ikafunikwa mchuzi mweupe wa kokwa za walnati na kupambwa kwa punje za komamanga. Kijani, nyeupe na nyekundu, rangi za bendera yao. Husimuliwa kuwa kiliandaliwa kwa ajili ya Agustín de Iturbide mwaka 1821, mwaka wa uhuru wa Mexico. Walnati kwetu ni ghali, lakini korosho tunazo. Loweka usiku, saga na maziwa na chumvi kidogo, na ndani ya kima tia zabibu kavu, embe bichi lililokatwa dogodogo na mdalasini. Idi iliyopita niliipeleka mezani na shangazi yangu, mpishi wa pilau za harusi, alinyamaza kwanza, kisha akauliza kama zimebaki mbichi nimpe akajaribu kwake.

Naweza kuikausha?

Ndiyo, na ikikauka inabadilika hata jina: inaitwa ancho, maana yake pana, kwa sababu inalala bapa. Ni mojawapo ya pilipili kavu zinazotiwa kwenye mole poblano, ule mchuzi mzito wa Puebla wenye chokoleti ndani. Ladha ya ancho inanikumbusha zabibu kavu na ukwaju.

Hewa ya Tanga ina unyevu, kwa hiyo usiianike nzima kama wanavyofanya kwao. Pasua, toa mbegu, tandaza juu ya wavu ulioinuliwa kutoka ardhini, funika kwa chandarua, uingize ndani kabla jua halijazama. Kipande kikivunjika kwa sauti, kimekauka. Ukiona ukungu hata kidogo, tupa kipande hicho na vyote vilivyokigusa; sumukuvu haiondoki kwa kupika. Kuitumia, ipashe kwenye kikaango kikavu mpaka inukie, iloweke kwenye maji moto nusu saa, saga, utie kwenye mchuzi wa kuku.

Jirani yangu amepanda hoho. Zitachanganyika?

Tunda la msimu huu halitabadilika. Mbegu zilizo ndani yake ndizo zinaweza kuwa chotara, kwa kuwa nyuki wanatembea. Kama hukusudii kutunza mbegu, jirani asikusumbue.

Nataka kutunza mbegu zangu. Nifanyeje?

Kwanza hakikisha pakiti uliyoanzia si chotara, yaani haikuandikwa F1, maana watoto wake hawatafanana na mama. Chagua mti mmoja mzima, wenye matunda manene, uliozaa mapema. Vichomozo vya maua kabla havijafunguka vivalishe kifuko cha shashi, ukifunge kwa uzi bila kubana. Tikisa tawi kila asubuhi ili chavua idondoke. Tunda likishika, vua kifuko na ulifunge utepe mwekundu kwenye kikonyo, wa nyumbani wasilichume kwa bahati mbaya. Kwangu limewahi kuishia kwenye kachumbari. Liache liwe jekundu, lianze kukunjamana kidogo. Toa mbegu, zitandaze kwenye sahani kivulini kwa wiki mbili, kisha zitie kwenye chupa kavu yenye kizibo, na punje chache za mchele uliokaangwa za kunyonya unyevu. Andika aina na mwezi juu ya chupa. Zikikaa mahali pakavu penye ubaridi, Machi zinakuwa tayari kusiwa tena.